Mtihani wa lugha haujaondoka, umejificha

Kwa miaka mingi kijana Mkenya aliyetamani kusomea shahada ya uzamili ya afya ya umma nchini Marekani alifahamu jambo moja: kabla ya kuulizwa lolote kuhusu malaria, kipindupindu au chanjo, angeulizwa kwanza maana za maneno ya Kiingereza ambayo hata wahadhiri wake hawayatumii, darasani wala nje ya darasa. Mtihani huo hujulikana kwa herufi tatu, GRE, na umewatoa jasho wengi, wala si Wakenya pekee.

Mnamo 2020, ugonjwa wa COVID-19 ulipofunga vituo vya mitihani kote duniani, vitivo vingi vya afya ya umma vya Marekani viliacha kuudai mtihani huo, au vikaufanya wa hiari. Vituo vilipofunguliwa tena, vingi kati ya vitivo hivyo havikurudi vilikotoka. Wenzangu chuoni wamelipokea jambo hilo kwa vifijo. Wanasema kizingiti kimeondolewa, na kwamba sasa mtoto wa Kitui atapimwa sambamba na mtoto wa Boston kwa sifa zake halisi.

Mimi si daktari wala mtaalamu wa maradhi. Kazi yangu ni isimu, na ninaliingilia suala hili kwa kuwa sehemu kubwa ya mtihani huo ni ya lugha. Nakubaliana na wanaoshangilia kwamba GRE haikustahili kuwa bawabu wa lango hilo. Ninapotengana nao ni pale wanapodhani kwamba lugha imekoma kupimwa. Haijakoma. Imehama kutoka kwenye mtihani wenye alama, ikaingia katika barua na insha, mahali ambapo hakuna anayekiri kwamba inapimwa, na ambapo Mkenya hawezi kujua amepoteza kiasi gani wala kwa kosa lipi.

Tuanze na mtihani wenyewe. GRE ilizaliwa mwaka 1936 kama jaribio la wakfu wa Carnegie na vyuo vikuu vinne vya mashariki mwa Marekani, Harvard na Yale vikiwa miongoni mwao. Shirika la ETS lilipoundwa mwaka 1947 halikukawia kuukabidhiwa, na linaumiliki hadi leo. Mtihani una sehemu ya lugha, ya hesabu na ya insha. Tangu 2011 sehemu mbili za kwanza hutolewa alama kuanzia 130 hadi 170, na tangu Septemba 2023 mtihani mzima umepunguzwa ukawa wa saa moja na dakika 58. Alama zake hudumu miaka mitano. Ada hupita dola 200, yaani zaidi ya shilingi 25,000 za Kenya, kabla ya mtu kuhesabu nauli ya kuja Nairobi na pahali pa kulala. Ni kweli kwamba tangu 2020 mtahiniwa anaweza kuufanyia nyumbani, mradi awe na tarakilishi, mtandao usiokatikakatika na chumba ambamo hataingia mtu mwingine hadi amalize. Kijana anayeishi na ndugu zake watatu katika chumba kimoja huko Kayole na aseme atakitoa wapi chumba hicho.

Sehemu ya hesabu sina ugomvi nayo mkubwa. Ni hesabu za shule ya upili, na asiyeweza uwiano na asilimia atataabika katika epidemiolojia. Tatizo langu ni sehemu ya lugha.

Wanaisimu tuna dhana tunayoiita sajili, yaani lugha itumiwayo na kundi fulani la watu katika shughuli fulani. Mahakama ina sajili yake, na soko la Gikomba lina yake. GRE hupima sajili moja nyembamba: Kiingereza cha vitabu na majarida ya wasomi, kilichosheheni maneno yenye asili ya Kilatini na Kiyunani. Aliyekulia katika nyumba yenye majarida hayo huyaokota maneno hayo bila kujua kwamba anaokota. Aliyekulia Marsabit huyakariri ukubwani, moja baada ya jingine, kisha akayasahau juma moja baada ya mtihani.

Ili msomaji alione jambo hili vyema, hebu tuligeuze. Tuseme kuna profesa wa Chicago anayetaka kuja kusomea afya ya umma Mombasa, nasi tunamtaka kwanza atueleze maana za ‘adinasi’, ‘ghulamu’, ‘ndweo’ na ‘mahuluki’. Hicho ni Kiswahili sanifu, tena cha fahari, na mpenzi wa tenzi za kale hatatatizika. Lakini mama aliyempakata mtoto anayeharisha pale Likoni hana haja na ndweo. Profesa wetu angeanguka mtihani, tukamwandikia barua ya kusikitika pamoja naye, na hakuna ambaye angejua kama mtu huyo alikuwa na uwezo wa kuzuia kipindupindu au la.

Namkumbuka afisa mmoja wa kliniki aliyenijia akitaka nimsaidie msamiati. Alikuwa amehudumu miaka saba katika zahanati za kaskazini. Alizungumza Kiturkana, Kiswahili, Kiingereza, na Kisomali cha kumtosha kumhoji mgonjwa. Mkobani alikuwa na mafungu ya kadi, kila kadi na neno la Kiingereza upande mmoja na maana yake upande wa pili, naye alizisoma usiku akiwa zamu, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Hesabu alizifanya vizuri. Katika lugha alipata alama za chini, na chuo alichokitamani kikamkataa bila kutoa sababu. Mtu wa lugha nne alirudi kazini akiamini kwamba ana upungufu wa lugha.

Linaloniudhi ni kwamba lugha ni kiungo cha afya ya umma hasa, ila si lugha ile. Katika utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1996, ilibainika kwamba wenyeji waliuona ugonjwa waliouita degedege kuwa kitu tofauti na malaria. Homa ya malaria ilikuwa ya hospitali. Degedege, yaani mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, ilihusishwa na nguvu nyingine na aghalabu ilipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Kwa daktari, mtukutiko huo mara nyingi ni malaria iliyokwisha kuwa kali, na kila saa inayopita ni ya hatari.

Tafakari basi juu ya bango linalosema kwamba malaria inaua, mpeleke mtoto hospitalini. Mama wa Bagamoyo angelisoma, akakubaliana nalo neno kwa neno, kisha akampeleka mwanawe wa degedege kwa mganga, wala asingekuwa amepuuza ushauri wa mtu. Neno moja la wataalamu lilikusudiwa kufunika mawili ya wenyeji na halikuyafunika. Aliyeligundua hilo alihitaji sikio, subira na ufahamu wa jinsi watu wanavyoyagawa maradhi kwa majina. Hapa kwetu neno ‘homa’ lina mtego wa aina hiyo hiyo. Mmoja akilitumia anamaanisha mafua, mwingine malaria, mwingine joto la mwili tu, na mtafiti asiyejua hilo atarudi Nairobi na takwimu ambazo ni heri asingezikusanya. Ujuzi huo hauna swali lake katika GRE.

Kwa haki, wanaoutetea mtihani huu si watu wa kubezwa. Mwaka 2001 Nathan Kuncel na wenzake walichapisha uchanganuzi uliojumuisha matokeo ya tafiti nyingi za miaka iliyotangulia, wakaonyesha kwamba alama za GRE zina uhusiano na alama ambazo mwanafunzi huzipata baadaye katika uzamili. Hilo siwezi kulikana. Ila uchanganuzi huo huo ulionyesha kwamba mitihani ya GRE ya masomo maalumu, kama vile fizikia au saikolojia, ilibashiri vizuri kuliko ule wa jumla. Maana yake ni kwamba ukitaka kujua kama mtu ataiweza kazi, mpime kwa kitu kinachofanana na kazi hiyo. Afya ya umma haijawahi kuwa na mtihani wake maalumu katika GRE. Aidha ETS wenyewe huvionya vyuo visiweke kikomo cha alama za GRE na kumkataa mtu kwa sababu hiyo pekee. Onyo hilo wengine walilisoma, wengine wakaliweka kabatini.

Utetezi wa pili una uzito zaidi kwangu. Mkenya anaujua vyema, kwa kuwa tuliusikia ulipoondolewa mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho 2023. Ulikuwa mtihani mkatili kwa watoto. Lakini mtoto wa mchuuzi wa samaki wa Mbita aliweza kuketi na karatasi ile ile aliyoketi nayo mtoto wa waziri, na akimshinda, gazeti lilichapa jina lake. Vivyo hivyo mhitimu wa chuo ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kule Baltimore aliweza kutuma alama za GRE, na alama hizo zikasomeka. Kipimo kibaya kilikuwa angalau kipimo kinachoonekana.

Sasa kimewekwa nini mahali pake? Vitivo vingi vya afya ya umma vya Marekani hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao SOPHAS. Mwombaji hutuma hati za alama za chuo, barua za wanaomjua, na insha ya kujieleza. Nitavitazama vitu hivi kwa jicho la mwanaisimu, maana kila kimoja kina lugha yake na kila lugha ina wenyewe.

Hati ya alama kwanza. Katika vyuo vyetu vingi alama 70 ni A. Mwenye 64 ana B, na akiendelea hivyo atahitimu na shahada ya daraja la pili ngazi ya juu, wazazi wachinje mbuzi. Marekani, 70 kwa kawaida ni C, na 64 ni aibu. Tarakimu ni zile zile ila zimesemwa katika lahaja mbili. Ziko taasisi za kutafsiri hati hizo, WES ikiwa mojawapo, nazo hutoza ada. Lakini si kila anayeisoma hati huisoma iliyotafsiriwa, na jicho la binadamu likishaona 64 huwa limekwisha kuamua.

Barua ndizo zinazonikera zaidi, kwa sababu naziandika mwaka nenda mwaka rudi na kuziona za wenzangu. Mhadhiri Mkenya anayempenda mwanafunzi wake huandika kwamba ni kijana mwenye bidii, mwenye heshima, aliyehudhuria mihadhara bila kukosa, na kwamba hajawahi kuletwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kwetu hiyo ni sifa nzito. Ndiyo tuliyorithi kwa Waingereza na tukaichanganya na adabu yetu ya kutomsifu mtu kupita kiasi asije akaharibika. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka 1975, alitoa mfano wa barua ambayo mwalimu anaandika kwamba Kiingereza cha mwanafunzi ni kizuri na mahudhurio yake ni ya kuridhisha, basi. Grice alieleza kwamba msomaji wa barua hiyo atakata shauri kuwa mwanafunzi hafai, kwa maana angekuwa na la maana mwalimu wake angelisema. Kila mwaka wa masomo nawafunza wanafunzi wangu mfano huo, na kila mwaka naona barua za wema mtupu zikitoka katika korido zetu zikiwa zimeandikwa jinsi ile ile hasa. Ule mstari kuhusu kamati ya nidhamu ndio hatari zaidi: Mmarekani hujiuliza kwa nini suala la nidhamu limezuka hata kidogo.

Insha ya kujieleza nayo ni utanzu wenye kanuni ambazo hazijaandikwa popote. Mwandishi hutarajiwa ajiweke katikati ya kisa, asimulie jeraha lake, aonyeshe alivyobadilika, kisha aahidi kuibadilisha dunia. Kijana wetu amefunzwa tangu utotoni kwamba ‘mimi, mimi’ ni utovu wa adabu. Huandika ‘sisi’ hata pale alipofanya kazi peke yake, na kazi yake ikapotea ndani ya kiwakilishi hicho. Nakiri nacheka kila nikiwaza kwamba hapa hapa Nairobi wamekuwepo vijana wengi waliojikimu kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao kwa malipo. Siku hizi akili unde imewanyang'anya wengi kazi hiyo, na insha zinafanana kama matofali ya tanuru moja. Vitivo vinavyoitegemea insha kumjua mtu vitakuwa vinaijua programu.

Juu ya hayo yote kuna mtihani wa TOEFL au IELTS, ambao vyuo vingine humwondolea Mkenya na vingine humdai. Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Kijana amekisoma tangu shule ya msingi na kufanya digrii nzima kwa Kiingereza. Bado ataambiwa athibitishe, na uthibitisho huo huisha muda baada ya miaka miwili, kana kwamba Kiingereza huchacha kama maziwa.

Sitetei kurudishwa kwa GRE. Lakini vitivo vilivyoifanya ya hiari viseme waziwazi kwamba mwombaji wa chuo kisichojulikana anaweza kutuma alama za hesabu peke yake zikasomwa, na kwamba asiyezituma hatadhaniwa kuwa anaficha kitu. Badala ya insha ya majeraha, vimpe mwombaji ukurasa mmoja wa takwimu za mlipuko wa ugonjwa na kumtaka aandike mara mbili: mara moja kwa waziri wa afya, na mara moja kwa kikundi cha akina mama, katika lugha yoyote anayoitumia kazini, kwa saa moja, mbele ya msimamizi. Watasema hawana wa kusahihisha Kiturkana. Wanao wanafunzi na walimu kutoka kila pembe ya dunia, na wakikosa msahihishaji watakuwa wamejifunza kitu kuhusu vyuo vyao.

Upande wetu kuna mengi yasiyohitaji idhini ya Mmarekani. Kila hati ya alama inayotoka katika chuo cha Kenya ichapwe ufunguo wake ukurasa wa kwanza: 70 na zaidi ni A, na waliofikia hapo katika darasa hilo walikuwa wangapi kati ya wangapi. Mtu akionyeshwa kuwa aliyepata 64 alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi 90 ataisoma 64 kwa jicho jingine. Nasi wahadhiri tuache kuandika barua za kimya. Sisemi tuige matarumbeta ya Wamarekani. Tuseme mwanafunzi alifanya nini: alihoji kaya ngapi, alikosoa hojaji ipi, aligundua kosa gani katika data ambalo sisi tulikuwa hatujaliona. Barua moja yenye tendo moja la kweli itamfaa kuliko kurasa mbili za bidii na heshima.

Kwa anayeomba nafasi mwaka huu, asidanganywe mitaani kwamba GRE imefutwa kila mahali. Ndani ya kitivo kimoja, uzamili wa afya ya umma huenda usiidai na uzamifu wa bayotakwimu ukaidai. Asome masharti ya kila programu anayoitaka, moja moja, kabla ya kulipa senti. Awape wanaomwandikia barua orodha ya aliyoyafanya, wala asione haya kwa hilo. Tena hati yake ya alama aanze kuiomba mapema. Nawajua vijana waliongoja miezi mitatu kupewa karatasi ya kurasa mbili na chuo walichohitimu wenyewe, na tarehe ya mwisho ya Desemba ikawapita wakiwa bado kwenye foleni ya ofisi ya msajili.